Saa ya bosi ina bei, na saa ya mkulima je?

Ndugu msomaji, katika kurasa kama hizi tumezoea kuzungumzia bei ya mbolea, ubora wa mbegu, ushuru wa mazao na riba za mikopo. Hayo yote ni mambo ya msingi. Lakini ipo pembejeo moja ambayo haiuzwi katika duka lolote, haikopesheki, na ikishatumika hairudishwi hata ukiwa na risiti. Pembejeo hiyo ni muda. Mkulima aliyepungukiwa mbolea anaweza kwenda kwa jirani akaazima mfuko mmoja. Mkulima aliyepitwa na mvua za kupandia hana jirani wa kumwazima wiki mbili.

Leo napenda tuwatazame watu ambao kwa haraka haraka hawafanani nasi hata kidogo, yaani wakuu wa kampuni kubwa za teknolojia za Marekani. Hawa wana makatibu, madereva na wengine hata ndege za kupanda peke yao. Pamoja na hayo, siku yao ina saa 24 kama ya muuza nyanya wa Ilula, na kilio chao cha miaka yote ni kwamba muda hautoshi. Namna walivyopambana na tatizo hilo, walipofaulu na waliposhindwa, ina mafunzo kwa mwenye ekari tatu na kwa mwenye genge la mboga. Tena inatufundisha jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, tunapaswa kulidai kwa viongozi wetu wa ushirika na kwa maofisa wanaotuita mikutanoni.

Yai la Andrew Grove

Nianze na Andrew Grove. Mtu huyu alizaliwa Hungaria mwaka 1936, akakimbilia Marekani akiwa kijana, na akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa wa kampuni ya Intel, inayotengeneza chipu ambazo ndizo ubongo wa kompyuta. Alikuwa mtendaji mkuu wa Intel kuanzia mwaka 1987 hadi 1998, na alifariki mwaka 2016. Mwaka 1983 alitoa kitabu kuhusu usimamizi wa kazi kiitwacho High Output Management. Mtu angetegemea kitabu cha bosi wa chipu kianze na mitambo. Hiki kinaanza na kifungua kinywa.

Grove anamchukua mhudumu wa mgahawa ambaye anatakiwa kumpelekea mteja yai la kuchemsha la dakika tatu, mkate wa kuchoma uliopakwa siagi, na kahawa. Vyote vifike pamoja, na vyote viwe vya moto. Mhudumu aanze na nini?

Mama lishe yeyote anayeuza chai na maandazi stendi anajua jibu bila kusoma kitabu. Unaanza na kile kinachochukua muda mrefu kuliko vingine, ambacho hapa ni yai, kisha mengine unayapanga kwa kurudi nyuma ili yaive kwa wakati mmoja. Grove alisema kila kazi ina hatua moja inayobana hatua nyingine zote, na ratiba nzima lazima ijengwe kuizunguka hiyo. Akaongeza kuwa hatua hiyo huhama. Wahudumu wakiwa wamepanga foleni kwenye mashine ya kuchoma mkate, basi yai si tatizo tena, tatizo ni mashine.

Sasa twende shambani. Wengi wetu tunaianza siku na kazi iliyo karibu na mkono, au ile aliyoitaja mtu wa kwanza kugonga mlango. Mvua za kwanza zikishuka, hatua inayobana ni kupanda. Katika wiki hiyo kuziba banda la mbuzi, kwenda mnadani na kufuatilia deni mjini ni kahawa. Vinaweza kusubiri yai. Mahindi yakishaota, hatua inahamia kwenye palizi, kwa sababu magugu huyadhuru mahindi zaidi katika wiki zake za mwanzo. Anayesubiri mpaka mahindi yafike kiunoni ndipo apalilie amefanya kazi ileile, kwa jasho lilelile, lakini mavuno yameshaondoka. Baada ya kuvuna, hatua inahamia kwenye kukausha. Mahindi yakifungiwa ghalani kabla unyevu haujashuka hadi karibu asilimia 13 yanaota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu. Hapo kazi ya miezi yote inaharibika kwa kukosa siku chache za jua.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kila asubuhi ni fupi: leo ni kitu gani kikichelewa, vingine vyote vitachelewa? Hicho ndicho kipewe saa zile ambazo mwili una nguvu.

Grove alikuwa na somo la pili linaloendana na hilo. Yai bovu likataliwe pale linapopokelewa mlangoni, lisingoje kufika mezani kwa mteja, kwa kuwa kila hatua linayopitia inaongeza gharama na muda juu ya kitu ambacho mwishowe kitatupwa. Kwa mkulima hilo ni jaribio la uotaji. Chukua mbegu 100 kutoka kwenye mfuko ulionunua au uliohifadhi, zifunge katika gunia lenye unyevunyevu, kisha baada ya wiki moja hivi hesabu zilizoota. Kazi yenyewe haichukui hata nusu saa. Zikiota 50 tu, umejua mapema, na bado una muda wa kutafuta mbegu nyingine. Usipojaribu, utajua wiki kadhaa baadaye shamba likiwa na mapengo na mvua zikielekea ukingoni.

Daftari la madeni lipo, daftari la saa liko wapi?

Mwaka 2018 maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Michael Porter na Nitin Nohria, walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu muda wa watendaji wakuu. Waliwafuatilia watendaji 27 wa kampuni kubwa za aina mbalimbali. Makatibu wao waliandika kila kilichofanyika, mchana na usiku, siku saba za wiki, kwa wiki 13.

Ilionekana kuwa kwa wastani mtendaji mkuu alifanya kazi saa 62.5 kwa wiki. Asilimia 72 ya muda huo ilikwenda kwenye mikutano, mikubwa na midogo. Zaidi ya theluthi moja ya muda, yaani asilimia 36, ilitumika kushughulikia mambo yaliyozuka tu. Na wateja, ambao ndio wanaoleta fedha zote hizo, walipata asilimia 3.

Mfanyabiashara mdogo akisoma takwimu hizo anaweza kutabasamu, maana yeye yuko na wateja wake kutwa nzima na anajua nani amehamia kwa jirani na kwa sababu gani. Hilo ni jambo ambalo bosi wa kampuni kubwa hulilipia washauri ili aelezwe. Lakini asitabasamu sana. Nina hakika wengi wetu tukiulizwa saa zetu za wiki iliyopita zilikwenda wapi, tutabaki kukisia. Tuna daftari la madeni, wengine tuna daftari la manunuzi na mauzo, ila daftari la saa hatuna.

Napendekeza jaribio la wiki moja. Chukua daftari la kawaida la shule na kila jioni andika ulichofanya tangu kuamka mpaka kulala. Usijipendelee. Ukisubiri fundi saa mbili, andika. Ukikaa kijiweni mpaka saa 5 asubuhi, andika. Ukienda mjini mara tatu kwa mambo ambayo yangemalizwa kwa safari moja, andika na nauli yake.

Tena usiandike saa zako peke yako. Andika na za mama watoto. Katika nyumba nyingi saa za mama huhesabiwa kama za bure, na hapo ndipo hesabu ya kilimo inapoharibika. Mama akitembea saa nzima kwenda kisimani na saa nzima kurudi, kisha akaingia msituni kutafuta kuni ndipo ashike jembe, basi inawezekana hatua inayobana shamba lenu si mbolea mnayoililia kila msimu. Ni maji. Pipa la kuvunia maji ya mvua, au mkokoteni wa kubebea madumu sita kwa safari moja, vinaweza kuongeza saa za palizi kuliko kumweka kibarua. Jambo kama hilo huwezi kuliona mpaka uandike.

Kukaa na kufikiri si uvivu

Wapo watakaosema mimi natafuta kuwafanya watu wakimbizane na saa kama punda wa mkokoteni. Hapana. Tazama Bill Gates, mwanzilishi mwenza wa Microsoft. Alipokuwa kijana aliamini kazi ni kutolala. Alishasimulia mwenyewe kwamba enzi hizo alikuwa amekariri namba za magari ya wafanyakazi wake, akitupia jicho maegesho anajua nani bado yupo na nani ameondoka. Baadaye akaona picha nyingine. Mwaka 2017 alieleza jinsi alivyoshangaa kuona shajara ya rafiki yake tajiri Warren Buffett ikiwa na siku nyingi tupu, na kwamba alijifunza kuwa kujaza kila dakika si dalili ya umakini.

Gates mwenyewe alikuwa na desturi nzuri kwa miaka mingi. Mara mbili kwa mwaka alijitenga kwa wiki moja katika nyumba tulivu huko kaskazini magharibi mwa Marekani, akisoma taarifa na mapendekezo ya wafanyakazi wake na kufikiri. Mwezi Mei 1995 aliwaandikia wakuu wenzake waraka mrefu akisema intaneti imekuja kama wimbi kubwa na kampuni lazima igeuke kuifuata, na fikra hizo zinahusishwa na wiki yake ya kufikiri ya mwaka huo. Ukiwa kiguu na njia kutwa, waraka wa namna hiyo hauandikiki.

Mkulima hahitaji nyumba ya pembezoni mwa ziwa. Kivuli cha mwembe kinatosha. Baada ya mavuno, kabla fedha hazijatawanyika, mume na mke wakae siku moja na wajiulize: zao gani limetulipa ukilinganisha na siku tulizoligharimia? Ekari ya alizeti imechukua siku ngapi za watu, na ekari ya vitunguu siku ngapi? Mwenye duka naye afunge nusu siku kila mwezi, ahesabu bidhaa, aone zipi zimelala rafu na kuvuta vumbi. Nusu siku hiyo itaonekana kama hasara ya mauzo. Kuendelea miezi sita kuagiza bidhaa isiyotoka ni hasara kubwa zaidi, ila haipigi kelele.

Mshika mbili

Hata hivyo tusidhani kwamba kila wanachofanya wakubwa hawa ni cha kuigwa. Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, ambayo sasa inaitwa X, alipata sifa mwaka 2011 alipoeleza namna anavyomudu kazi katika kampuni mbili kwa wakati mmoja, Twitter na ile ya malipo ya Square. Kila siku aliipa jambo lake: Jumatatu uongozi, Jumanne bidhaa, Jumatano masoko na ukuaji, Alhamisi washirika wa nje, na Ijumaa utamaduni wa kampuni na kuajiri.

Utaratibu wa siku moja jambo moja ni mzuri, na wafanyabiashara wa magulio wanaujua kwa asili, kwani Jumanne wako gulio hili na Ijumaa lile. Lakini mwaka 2015 Dorsey akawa mtendaji mkuu wa kampuni zote mbili. Kufikia mwaka 2020 mwekezaji mkubwa, Elliott Management, alitaka aondolewe Twitter, moja ya hoja ikiwa kwamba anagawa muda wake kwa kampuni mbili. Novemba 2021 akaachia ukuu wa Twitter. Ratiba nzuri hupanga saa za mtu mmoja, haimzai mtu wa pili. Wahenga walishasema mshika mbili moja humponyoka. Ndugu mwenye duka, mashine ya kusaga, bodaboda mbili na shamba la kukodi, jiulize kama hivyo vyote vina msimamizi au vina mwenyewe tu.

Muda wa wengine

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Grove alifundisha kwamba saa ya kiongozi ina bei tofauti, kwa kuwa akiitumia vizuri au vibaya wanaonufaika au kuumia ni wengi. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Mwaka 1971 Intel iliweka daftari mlangoni, na yeyote aliyefika baada ya saa 2:05 asubuhi aliandika jina lake. Katika kitabu chake Grove analinganisha kupoteza muda wa wenzako na kuiba kifaa cha ofisi, tofauti ikiwa kwamba mwizi wa kifaa hukamatwa na mwizi wa muda hupewa kiti cha mbele.

Maneno hayo ya mwisho ni yangu, lakini sidhani kama angeyakataa.

Jeff Bezos alipokuwa akiiongoza Amazon naye aliijali mikutano. Mwaka 2004 alipiga marufuku maelezo ya picha za ukutani katika vikao vya wakuu. Badala yake mtu aliandika hoja yake kwa sentensi kamili, kurasa zisizozidi sita, na kikao kilianza kwa wote kuisoma kimyakimya ndipo wajadili. Mikutano inayohitaji akili nyingi aliipanga mapema, karibu saa 4 asubuhi, kabla kichwa hakijachoka.

Linganisha na hali yetu. Barua inasema semina ya wakulima ni saa 3 asubuhi. Wakulima wanatembea, wengine wanapanda baiskeli, wanafika. Mgeni rasmi anaingia saa 6, zinafuata ngoma, utambulisho na shukrani, na elimu yenyewe inapewa dakika 40 za mwisho watu wakiwa na njaa. Tufanye hesabu. Tuseme wakulima ni 200 na wamengoja saa tatu. Hizo ni saa 600. Kama siku ya jembe ni saa sita, zimepotea siku 100 za kazi katika asubuhi moja, tena mara nyingi ni katika msimu wa kupanda. Lau mtu angeingia katika kijiji hicho akaiba siku 100 za vibarua, angeitwa polisi.

Hali ni hiyohiyo kwenye mizani. Karani wa chama cha msingi akichelewa kufungua ghala, foleni ya wakulima na pamba zao, korosho zao au kahawa yao inasimama juani, na hakuna mahali katika hesabu za chama panapoandikwa gharama hiyo. Mkaguzi atatafuta shilingi iliyopotea. Saa zilizopotea hazina mkaguzi.

Maoni yangu ni kwamba wanachama wazidai saa zao kama wanavyodai malipo ya pili. Barua ya mwito iseme ajenda, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Hesabu za chama zibandikwe ukutani siku chache kabla, watu wazisome, ili mkutano uwe wa kuhoji badala ya kusomewa tarakimu zisizosikika. Mgeni rasmi akichelewa nusu saa, kikao kianze na yeye akute kinaendelea. Na katika wiki za kupanda na za palizi, mikutano ya asubuhi isiitishwe ila kwa dharura ya kweli.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba wakulima wenyewe huchelewa. Ni kweli, na sababu yake ni kwamba wameshajifunza kuwa saa 3 ya barua ni saa 5 ya mgeni. Mduara huo anaweza kuuvunja mwenye kiti cha mbele tu. Pili, kwamba huku ni kuiga Wazungu, sisi tuna misiba, harusi na wageni. Sijasema tuiache misiba. Saa unayokaa na mfiwa ni akiba, kwa sababu kesho ni wewe. Ninalolipinga ni kungoja kusikomsaidia mfiwa, mkulima wala mgeni rasmi mwenyewe. Tatu, kwamba wakubwa hao wana makatibu wa kuwapangia. Hilo nalo ni kweli, lakini linazidi kuutia nguvu ushauri wangu. Kama mwenye makatibu bado inambidi aandike saa zake ili ajue zilikokwenda, sisi tusio nao tutajuaje kwa kukisia?

Grove aliandika kwamba siku yake ya kazi iliisha alipochoka na kutaka kurudi nyumbani, wala si kazi ilipokwisha, kwani kazi ya msimamizi haiishi. Kila mkulima anaijua hali hiyo. Ikiwa kazi haiishi na jua linazama, la muhimu ni kwamba yai liwe limeshatengwa jikoni mapema. Msimu ujao, kabla ya kuuliza bei ya mbolea, tuulize kwanza hatua gani inatubana, na nani anakalia saa zetu.